Maji ya mshubiri, mayai yaliyopungua na kuku wawili waliojikunyata

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku 18 uani, mitetea 16 na majogoo 2. Nilijiwekea nia ya kuwalea kwa vitu vya nyumbani tu. Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi ya kuparaza, pumba na mabaki ya jikoni, na nafaka ikiota ukungu kidogo nawapa wao badala ya kuitupa. Dawa yao ni mshubiri, pilipili na kitunguu saumu. Navitwanga na kuviloweka kwenye maji yao kila siku. Mwaka jana kuku wa majirani walikwisha kwa mdondo, wangu wakasalimika, ndiyo maana sijaona haja ya chanjo. Lakini mwezi huu mayai yamepungua karibu nusu, mengine yana ganda laini, na mitetea wawili wamejikunyata, kinyesi chao ni cha kijani. Je, niongeze kipimo cha mshubiri? Na mayai haya tuendelee kuyala? Nina watoto wadogo.

JIBU: Marahaba, dada. Usiongeze. Mwaga hayo maji leo, sugua chombo, weka maji safi matupu, halafu tuendelee na mengine.

Sisemi hivyo kwa kudharau dawa za mimea, na nitazifikia. Nasema hivyo kwa sababu katika yote uliyoniandikia, maji ndiyo ninayoyashuku kwanza. Kuku anayetaga hula kama gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku na hunywa maji karibu maradufu ya uzito huo, yaani kama robo lita. Joto likizidi, anazidisha. Robo tatu ya kilichomo ndani ya yai ni maji. Kwa hiyo kuku akinywa pungufu, kutaga ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa anayoyaacha. Sasa mshubiri ni mchungu, na ule utomvu wa njano ulioko chini ya ngozi ya jani una aloini, kitu ambacho kwa binadamu hutumika kama dawa ya kulegeza choo. Ukimpa kuku maji machungu na huna mengine pembeni, atakunywa yanayomtosha asife, si yanayomtosha atage. Pilipili haina kosa hapo. Ndege hawausikii ukali wake, maana neva zao hazishituki kwa kapsaisini, kile kinachoipa pilipili ukali, kama zetu. Ndiyo maana ndege wa porini huila na kutawanya mbegu zake. Wanaosema pilipili inawaunguza kuku wanaionea bure.

Usinisadiki kwa maneno, pima. Asubuhi jaza chombo kwa lita unazozijua, jioni pima zilizobaki. Kwa kuku wakubwa 18, siku isiyo ya joto kali, nategemea lita 4 hadi 5 ziende. Fanya hivyo kwa maji matupu siku mbili tatu, kisha linganisha na kiasi ulichokuwa ukiwawekea ya mshubiri. Kama zile zilikuwa zikibaki, basi nusu ya swali lako umeshalijibu mwenyewe.

Hao wawili waliojikunyata watenge leo hii, mahali pakavu penye hewa. Wahudumie wa mwisho, baada ya wazima, na ukitoka kwao unawe mikono na usirudi kwa wengine na viatu vilevile. Kinyesi cha kijani peke yake hakitoshi kuniambia ni ugonjwa gani. Kuku akisusa chakula, kinachotoka ni nyongo zaidi ya kitu kingine, na nyongo ni ya kijani. Kwa hiyo kuku yeyote aliyekaa na njaa, kwa sababu yoyote ile, atanya kijani. Inabidi uangalie mengine. Mwinue, pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari. Ukiusikia umechongoka na nyama za pembeni zimekwisha, huyo hakuanza kuumwa jana: fikiria minyoo, lishe duni, au ugonjwa uliomkalia muda mrefu. Kidari kikiwa kimejaa nyama, ni jambo la ghafla. Msogeze sikioni usikilize pumzi kama anakoroma. Tazama kama anapanua mdomo ili avute hewa, kama shingo inapinda, kama bawa au mguu umelegea. Uso ukivimba na pua kutoa kamasi linalonuka, mara nyingi hiyo ni mafua ya kuku inayoletwa na bakteria, nayo ina tiba. Shingo kupinda, kupooza, na vifo vinavyofuatana, hapo ndipo mdondo unapokuja mbele.

Wakianza kufa kwa mfululizo, au wakifa ghafla bila hata dalili, usichinje, usiuze, usigawe nyama, wala usiwatupie mbwa mizoga. Mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Mafua ya ndege na mdondo mkali kwa macho hufanana sana. Maabara ndiyo inayovitenganisha, na mafua ya ndege huweza kumpata mtu.

Sasa tuje kwenye mdondo, maana hapa ndipo mimi na wewe tunapoachana. Ugonjwa huu, ambao wengine huuita kideri, unaletwa na virusi. Jina lake la kitaalamu ni ugonjwa wa Newcastle, kwa ajili ya Newcastle upon Tyne, Uingereza, ambako ulizuka 1926. Mwaka huohuo ulionekana pia Java. Tangu hapo hadi leo haijapatikana dawa ya kuutibu, si ya dukani, si ya shambani. Antibayotiki ambazo wafugaji huuziwa mlipuko ukianza haziui virusi, na hizo nazilalamikia kuliko mshubiri wako, kwa sababu zinaacha masalia kwenye mayai na zinawafundisha bakteria usugu.

Kuku wako walisalimika mwaka jana. Sikatai ulichokiona. Ila kundi husalimika kwa njia nyingi. Huenda virusi havikufika uani kwako kabisa, hasa kama kuku wako hawazururi na hukuingiza mgeni kipindi kile. Huenda vilivyopita vilikuwa vya aina nyepesi, maana virusi vya mdondo si vyote vyenye ukali mmoja. Na kwa wengi, dawa huanza kutwangwa baada ya kuku kadhaa kufa, wakati waliobaki ni wale ambao wangebaki vyovyote vile; mwisho wa siku sifa anapewa mshubiri. Ungenionyesha makundi mawili yaliyokutana na virusi vilevile, moja limekunywa na jingine halikunywa, tungekuwa na la kujadili. Chanjo imepitia majaribio ya namna hiyo, tena mara nyingi.

Na kuku wenyewe wamo tangu mwanzo wa habari ya chanjo. Mwaka 1879 Louis Pasteur, akiwa anachunguza kipindupindu cha kuku, aliona kuwa kuku waliodungwa vijidudu vilivyodhoofika hawakufa, na walipodungwa vikali baadaye hawakudhurika. Ndiyo chanjo ya kwanza kutoka maabara. Kwa hiyo ukichanja hujaacha ufugaji wa asili. Unautumia mwili wa kuku wenyewe ujenge kinga yake.

Kwa mfugaji wa uani njia nyepesi ni tone la jicho. Iko chanjo inayoitwa I-2, iliyotengenezwa Australia kwa kuwafikiria kuku wa vijijini, inayovumilia joto kuliko zile za kawaida zinazotaka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote. Kuvumilia joto si kuachwa juani, lakini. Fuata maandishi ya kichupa juu ya muda wa kutumika baada ya kufunguliwa. Chagua alfajiri au jioni, kuku wakiwa bado bandani. Mmoja amshike kuku chini ya kwapa, kichwa akilaze upande ili jicho moja litazame juu. Mwenye kichupa akigeuze wima, ncha chini, isiguse jicho. Tone moja, basi. Hapo usiwe na haraka: ngoja tone litande juu ya jicho, kuku apepese, lizame. Ukimwachia kabla, atatikisa kichwa na chanjo yako itaishia ukutani. Akimaliza mpeleke upande wa pili wa banda usije ukamrudia. Tone ni lilelile kwa kifaranga na kwa jogoo mkubwa, na wote wachanjwe siku moja. Rudia kila baada ya miezi 3 hadi 4. Kinga huchukua kama wiki mbili kusimama vizuri, hivyo ukisubiri kusikia kuku wa jirani wanakufa umeshachelewa. Kuku anayeumwa hachanjwi. Hao wawili wangoje. Na chanjo ikikurukia jichoni usitishike, nawa kwa maji mengi. Jicho linaweza kuwa jekundu siku chache.

Kuna na chanjo za kuweka kwenye maji. Ukizitumia, maji yasiwe na klorini, maana klorini inaziua, na mchanganyiko wako wa mimea usiwe karibu. Ndui ina chanjo yake ya kuchoma kwenye utando wa bawa, na Gumboro, inayosumbua zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6, ina yake. Hizo mpange na mtaalamu aliye karibu nawe, kwa sababu ratiba inategemea magonjwa yaliyopo unakofugia.

Basi mimea ina kazi gani? Ina kazi, na si ndogo. Artemisinini, dawa ya malaria, ilitoka kwenye pakanga, na Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini tazama jinsi walivyofika. Mimea mingi ilijaribiwa ikaachwa. Hata pakanga yenyewe ilikuwa ikitoa majibu ya kubahatisha, mpaka ilipobainika kuwa moto wa kuchemshia unaharibu kiini chake, ndipo wakatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Kwa maneno mengine jani lilikuwepo karne nyingi. Kilichokuwa kinakosekana ni kujua kiini, kipimo na namna ya kukitoa. Kwenye ndoo yako hatujui hata kimoja. Jani hili lina aloini kiasi gani? Kuku huyu amekunywa mara ngapi? Tena yule mnyonge, ambaye ndiye mwenye shida ya dawa, ndiye anayesukumwa mbali na chombo na kunywa kidogo kuliko wote.

Ndiyo maana nasema mimea iende kwenye chakula au kwenye banda, na maji yabaki maji. Majani mabichi wafungie fungu, ulining'inize usawa wa vichwa vyao. Wanadonoa kutwa nzima, hawadonoani wao kwa wao, na karotenoidi, yaani rangi zilizomo kwenye majani, zinakoleza kiini cha yai. Majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini yana protini nyingi kwa kitu kinachoitwa jani. Kitunguu saumu, ukikipenda, ponda punje chache muda uleule wa kulisha, kwa kuwa alisini, kiini chake chenye nguvu, huzaliwa punje inapopondwa na haikai. Usikifanye cha kila siku wala cha kujaza kiganja, jamii ya vitunguu ikizidi huharibu chembe nyekundu za damu. Mwarobaini ninaupenda, ila nje ya mdomo wa kuku: mafuta ya mbegu zake au maji ya majani yapake kwenye nyufa za banda. Vifaranga wakilishwa majani yake kwa wingi hudumaa. Kuna wanaotandika tumbaku kwenye viota kufukuza viroboto. Hilo siliungi mkono, nikotini ni sumu na hupita hata kwenye ngozi. Parachichi na majani yake yasifike bandani kabisa, yana pasini, inayodhuru moyo wa ndege.

Nimetaja nyufa za banda kwa makusudi. Utitiri mwekundu ni mwizi wa mayai ambaye wafugaji wengi hawamjui sura, kwa sababu mchana hayuko juu ya kuku. Hujificha kwenye viungo vya mbao na hutoka usiku kunyonya. Ingia bandani kama saa tatu usiku na tochi, chukua kitambaa cheupe, sugua upande wa chini wa fito wanazolalia, pale mbao zinapokutana hasa. Michirizi myekundu utakayoiona ni damu ya kuku wako. Kuku anayenyonywa kila usiku upanga wake wa kichwani hupauka, hukonda, na hupunguza kutaga. Ukiukuta, toa fito nje, zimwagie maji yanayochemka kwenye viungo, ziba nyufa, kisha pakaa mafuta. Waandalie pia beseni la mchanga mkavu uliochanganywa na jivu la kuni wajigaragaze. Hii ni dawa ya nyumbani ninayoitetea bila kusita, ili mradi jivu liwe kavu na halina vipande vya plastiki vilivyoungua. Matandazo nayo yageuze na uyabadilishe yanapolowa, hasa kandokando ya chombo cha maji: vimelea vya kuhara damu hukomaa kwenye unyevu na joto ndani ya siku moja au mbili, na vifaranga ndio wanaolipa.

Sasa ganda laini. Hapo simsingizii mshubiri, ni hesabu ya chakula. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Katika kalsiamu anayokula, kuku hufyonza kama nusu. Kwa hiyo anataka karibu gramu 4 kila siku anayotaga, na mahindi na pumba hayana kalsiamu ya kutajika. Anachofanya ni kukopa kwenye mifupa yake. Mkopo ukizidi ndipo linatoka yai laini, na baadaye unamkuta amekaa, miguu haimnyanyui. Mtafutie maganda ya chaza au kome yaliyopondwa, au yale maganda ya mayai unayotupa: yakaushe motoni, yaponde mpaka yasifanane na yai tena, wasije wakajifunza kula mayai. Yaweke kwenye chombo chake peke yake, usiyachanganye kwenye chakula. Anayetaga atajichukulia mwenyewe. Jogoo hana haja nayo, na kifaranga akilazimishwa kalsiamu nyingi figo zake huharibika. Usisage yawe unga. Ganda hujengwa zaidi usiku, kuku akiwa hali kitu, na vipande vilivyobaki kwenye firigisi huyeyuka taratibu mpaka asubuhi.

Protini nayo imepungua. Mahindi yana kama asilimia 8 au 9. Kuku anayetaga anataka 16 au 17. Pumba hazilipi pengo hilo. Ongeza mashudu, unga wa samaki usio na chumvi nyingi, au soya iliyokaangwa ama kuchemshwa. Soya mbichi ina vizuizi vinavyokwamisha umeng'enyaji wa protini, na maharage makavu mabichi yana sumu, usiwape. Kama huna hakika na mchanganyo wako, changanya nusu yake na chakula cha dukani cha kuku wa mayai. Hilo halikuondolei heshima yako ya kujitegemea hata kidogo. Halafu, kabla hujahangaika na yote haya, tazama chini ya fito kama kuna manyoya mengi: kuku anaponyonyoka ili abadili manyoya huacha kutaga wiki kadhaa, na hapo hakuna cha kutibu.

Lile la nafaka yenye ukungu nimeliacha makusudi nilikemee peke yake. Mwaka 1960, Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi uliishia kwenye mashudu ya karanga yaliyoota kuvu, na hivyo ndivyo aflatoksini ilivyogunduliwa. Sumukuvu hii haiishi kwa kuanikwa wala kwa kupikwa. Ikiwa nyingi inaua. Ikiwa kidogo inafanya kitu ambacho mfugaji hakioni: inachosha ini, inapunguza mayai, inashusha kinga, hata chanjo uliyoitoa vizuri isishike inavyopaswa. Na sehemu yake huweza kuingia kwenye yai analokula mtoto wako. Nafaka isiyofaa sufuria lako haifai kuku. Ifukie.

Mayai. Ya kuku walio wazima endeleeni kula, yaive mpaka kiini kigande, hasa ya watoto. Ya hao wawili fukia mpaka tujue wana nini. Yenye ganda laini au ufa msiyale, kwa maana ganda ndilo mlango wa bakteria. Yai lililochafuka kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Ukiliosha kwa maji baridi, kilichomo ndani husinyaa na kuvuta uchafu kupitia vitundu vya ganda. Lililochafuka sana litupe. Na mtaalamu akija kuwatazama hao wawili akaacha dawa, kabla hajaondoka muulize mayai yasiliwe kwa siku ngapi, aandike kwenye karatasi, uibandike pale unapowekea mayai.